Choya kwenye chupa ya chai: tathmini yangu ya kituo kilichoniandikisha kwenye jaribio la dawa ya miti shamba

Nauza vitenge Kariakoo, huu mwaka wa kumi na tisa. Mawinga nawajua kuliko ninavyowajua wajomba zangu. Winga hana duka wala mzigo. Kazi yake ni kukudaka barabarani, kukuita bosi, kukufikisha kwenye duka la mtu mwingine, kisha kurudi baadaye kuchukua chake. Kwa hiyo kijana mwenye fulana nyeupe na kitambulisho shingoni aliponisimamisha asubuhi moja karibu na Mtaa wa Kongo akasema, "Shikamoo mama, umepima presha mwaka huu?", nilimwitikia marahaba na hapohapo nikajua huyu ni winga. Nilichokuwa sijajua ni winga wa duka gani.

Duka lenyewe lilikuwa kituo cha utafiti hapahapa Dar es Salaam. Walikuwa wanatafuta watu wenye presha ya kupanda, wa kunywa kapsuli za mmea fulani kwa wiki nane ili waone kama zinashusha chochote. Jina la kituo nalihifadhi. Mmea nao siutaji, maana nikiutaja kesho mtaufagia wote sokoni mkidhani nimeshuhudia kuwa unatibu, na mimi sijashuhudia hilo. Ninachotathmini hapa si dawa, ni huduma: namna walivyonipata, walivyonieleza, walivyonikalisha kwenye benchi na walivyoniaga. Nawapa nyota tatu kati ya tano. Muuguzi mmoja pale peke yake anastahili tano, na winga wao angepata moja, ya salamu nzuri.

Tuanze na huyo winga. Walikuwa na turubai, meza mbili na mashine ya presha. Nikakaa, nikapimwa: 152 kwa 96. Presha ninayo tangu mwaka juzi na vidonge vya amlodipini nakunywa, ingawa siku za mzigo kuingia nasahau. Kijana akanitazama kwa huruma akasema hivi, na maneno haya nayakumbuka yote: "Mama, tuna kliniki yetu, ni bure kabisa, na dawa ni ya kwetu ya asili, majani tu, haina kemikali."

Dukani kwangu mtu akisema uongo tatu kwa pumzi moja namwambia apumzike kwanza. Ile haikuwa kliniki. Kliniki unakwenda ili utibiwe, na pale nilikuwa naombwa niwasaidie kujua kama kitu kinatibu. Hayo ni mambo mawili, kama kununua kitenge kulivyo mbali na kumshonea mtu kitenge ili aone kama mashine yake inashona. Halafu hiyo "majani tu". Tumbaku si majani? Na ile ya kutokuwa na kemikali, nilipomsimulia binti yangu anayesoma ufamasia alicheka hadi akaweka simu chini. "Mama, kama haina kemikali basi haina dawa. Hiyo kemikali ndiyo wanayoitafuta."

Akanikumbusha Alu, dawa ya mseto ya malaria niliyomnywesha yeye mwenyewe alipokuwa mdogo. Nusu ya ile dawa asili yake ni mmea, Artemisia annua, ambao Wachina waliutumia kwa homa kwa karne nyingi. Mwanamama Tu Youyou na wenzake ndio waliotoa kiini chake miaka ya sabini, na kazi hiyo ikampa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini kilichonikaa mimi si hiyo tuzo. Mwaka 1972, kabla ya kumpa mgonjwa yeyote, yule mama na wenzake wawili walijilaza hospitali wakainywa wenyewe kwanza. Washiriki wa mwanzo walikuwa watafiti. Nilimuuliza winga wangu kama na yeye amekwishaionja dawa anayoinadi. Akasema yeye hana presha.

Nikamuuliza na lingine: "Unalipwa kwa kichwa?" Akacheka, akasema, "Hapana mama, nalipwa kwa siku, ila kuna lengo la wiki." Mfanyabiashara yeyote atakwambia lengo la wiki ni malipo ya kwa kichwa yaliyovaa suti. Nawashauri wenye vituo: huyu mtu mkimpa lengo, atasema "majani tu" mpaka ndege wa Mtaa wa Kongo wajiandikishe.

Pamoja na yote nilikwenda. Kwa nini? Kwa sababu nilikwenda Loliondo.

Mwaka 2011 nilimsindikiza shangazi yangu, marehemu sasa, hadi Samunge kwa Babu, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Vijana mliokuwa watoto wakati ule hamwezi kuelewa. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita na kilomita, watu wanalala chini ya mabasi, wagonjwa waliotolewa wodini na dripu bado mkononi. Kikombe kimoja shilingi 500. Mti wenyewe waliuita mugariga, na kikombe kilikuwa cha sukari, cha presha, cha saratani, cha UKIMWI, cha kila kitu. Hakukuwa na fomu, hakukuwa na winga, na watu walikuja kwa maelfu kutoka nchi za jirani. Shangazi alikunywa, akarudi, akaacha vidonge vyake vya sukari kwa sababu alikwisha kupona. Mengine sitaki kuyaandika. Nataka kusema hili tu: wote wale walikunywa kikombe kimoja cha mti mmoja, na kwetu sikumwona aliyetufuata majumbani kutuandika mmoja mmoja, nani kapata nafuu, nani kazidiwa, nani kaacha dawa. Watu wengi vile, daftari sikuliona.

Na si Loliondo peke yake. Mwaka 2020 Uviko ilipoingia, waziri wetu wa mambo ya nje alikwenda na ndege mpaka Madagascar kuchukua ile dawa ya chupa, na huku mitaani tukajifukiza mpaka macho yakawa mekundu, tangawizi na malimao vikapanda bei. Septemba ya mwaka huohuo ndipo Shirika la Afya Duniani na wenzao wa Africa CDC, kituo cha Afrika cha kudhibiti magonjwa, walipopitisha mwongozo wa namna ya kufanya majaribio ya awamu ya tatu, yale ya watu wengi, ya dawa za miti shamba dhidi ya Uviko. Sisi utaratibu wetu ni kunywa kwanza, kuuliza baadaye. Kwa hiyo niliposikia kuna watu wana daftari, nilisema ngoja nikaone daftari linafananaje.

Siku ya kwanza niliambiwa nifike saa moja asubuhi bila kula, "itachukua kama saa mbili." Nilitoka saa saba na nusu mchana. Tulikuwa kumi na wanne kwenye benchi mbili, na mashine ya damu ilikuwa na foleni yake. Saa nne mzee mmoja alianza kutetemeka kwa njaa, ndipo akatokea mtu na chai na maandazi, akawapa waliokwisha kutolewa damu. Sisi tuliobaki tukawa tunanusa. Ukimwomba mtu mwenye presha akae na njaa masaa sita, usishangae presha yake ikisoma vizuri au vibaya kuliko ilivyo.

Hapo kwenye benchi ndipo mambo ya damu yalipoanza. Mama mmoja kutoka Tandika alishuka ngazi akaondoka kabisa baada ya kuona vichupa vimepangwa kwenye kasha. "Mumiani hawa," akanong'ona, "nilimsikia bibi yangu." Wengine wakacheka, lakini wawili walimfuata. Mimi nimelelewa na hadithi hizohizo, za watu wa zimamoto wanaokamata watu usiku na kuwanyonya damu. Hadithi hizo zina umri kuliko mimi, zilianza enzi za mkoloni, na hazitakwisha kwa kuchekwa. Zinakwisha mtu akionyeshwa kichupa na kuambiwa: hiki ni mililita tano, kijiko kimoja cha chai, tunachukua viwili, kimoja kwa ajili ya figo na ini, kingine cha sukari na mafuta, na majibu yako utayapata wewe mwenyewe Ijumaa. Maelezo hayo yalitolewa, tena vizuri, ila ndani ya chumba, baada ya wale watatu kuwa wamekwisha kupanda daladala. Yangetolewa kwenye benchi, wangebaki.

Sasa fomu ya ridhaa. Kurasa kumi na moja. Aliyeitafsiri ni msomi, hilo sina shaka, na hajawahi kupanda daladala. Kulikuwa na sentensi inasema mshiriki "atapangiwa kundi kwa njia ya nasibu." Mzee aliyekuwa anatetemeka, sasa ameshiba maandazi, akauliza kwa sauti kubwa: "Huyu Nasibu ni daktari au karani? Na kwa nini apange yeye?" Chumba kizima kikaanguka kwa kicheko. Lakini mimi nilimwelewa. Kwetu Nasibu ni mtoto wa jirani. Kijana aliyekuwa anatusomea alijikanyagakanyaga, akasema "nasibu ni randomu". Akawa hajasema kitu.

Ndipo akaingia yule muuguzi niliyemtaja, mama wa makamo, mpole, ana miwani iliyofungwa kwa uzi. Akachukua vitambaa viwili vya pamba, kimoja akakiviringisha na shilingi mia ndani, kingine mtupu, akavificha nyuma akamwambia mzee achague mkono. Mzee akachagua. "Mimi nilijua utachagua upi?" Hapana. "Wewe ulijua?" Hapana. "Basi ndiyo hivyo. Kompyuta inachagua, sisi wote hatujui. Nusu yenu mtapata kapsuli yenye mmea, nusu mtapata kapsuli ya namna hiyohiyo isiyo na dawa ndani. Hata mimi sitajua nani kapata nini mpaka mwisho." Mzee akauliza kwa nini wadanganywe na kapsuli tupu. Akajibiwa: "Hudanganywi, nakwambia sasa hivi. Ukikubali, unakubali ukijua unaweza kupata tupu. Na vidonge vyako vya hospitali usiache hata siku moja, uwe umepata tupu au yenye mmea." Hiyo ya mwisho aliirudia mara tatu. Nilimkumbuka shangazi.

Kisha akafanya jambo ambalo sijaliona hospitali yoyote maisha yangu yote. Hakuuliza "mmeelewa?" Sote tungejibu ndiyo, tumezoea. Alituita mmoja mmoja akasema: "Nieleze sasa wewe, kama unamweleza jirani yako, umekuja hapa kufanya nini?" Mimi, mwanamke wa Kariakoo mwenye mdomo, nilianza vizuri kisha nikasema, "…na mwisho wa wiki nane presha yangu itakuwa imeshuka." Akaniweka mkono begani. "Hapo, mama. Hapo ndipo sijakueleza vizuri. Inaweza kushuka, inaweza isishuke, inaweza kupanda. Tungekuwa tunajua tusingekuita." Nikagundua kuwa winga wao alikuwa ameniingia bila mimi kujua. Mimi niliyemcheka turubaini nilikuwa nimekaa pale nikisubiri kuponywa na majani.

Naona hili ndilo tatizo la kutafuta watu kwa ajili ya dawa za asili, na sijui kama wenye vituo wanalitazama sawasawa. Dawa ya kizungu mpya tunaiogopa, kwa hiyo maelezo tunayasikiliza. Mmea wa nyumbani tunauamini kabla mtu hajafungua mdomo. Tunakuja tukiwa tumekwisha kukubali, na aliyekwisha kukubali hasikii. Winga akiongezea "ya kwetu ya asili", anapanda mbegu kwenye shamba lililolimwa na bibi zetu.

Na kuna la pili, ambalo linahusu chupa yangu ya chai.

Kwenye maswali ya kuchuja watu kuna swali: "Je, unatumia dawa yoyote ya asili kwa sasa?" Nilijibu hapana. Wote kumi na mmoja tuliobaki tulijibu hapana, nilisikia, mapazia yale ni mepesi. Na sote tulikuwa waongo bila kusema uongo. Kwanza, tangu lini mtu akamwambia muuguzi kuwa anatumia dawa za asili? Tumefokewa sana hospitalini kwa ajili hiyo. Pili, hakuna anayeviita dawa. Mlonge ni mboga. Kitunguu saumu ni kiungo. Tangawizi ni chai. Na mimi mama yangu ni Mgogo, kwetu Dodoma ua la choya linachemshwa kila siku ya Mungu, jekundu kama kitenge kipya, na ndani ya mkoba wangu muda ule ule kulikuwa na chupa ya chai imejaa choya, ya kufungulia kinywa baada ya kutolewa damu.

Muuguzi akaandika "hapana". Kisha akatazama mkoba. "Mama, na kwenye chupa hiyo kuna nini?"

"Choya tu."

"Unakunywa mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni. Joto likizidi, na mchana."

Akaweka kalamu chini. Hakunifokea. Alisema, "Hilo swali letu ni baya. Kuanzia leo nitauliza: unakunywa nini asubuhi?" Akawarudia wale kumi kwa swali hilo jipya, na mapazia yakaanza kutoa mambo: mmoja unga wa mlonge kwenye uji, mmoja majani ya mpera, mzee wa Nasibu anatafuna kitunguu saumu kila usiku kwa ushauri wa mkwe wake. Kati ya kumi na mmoja, saba tuliambiwa tuache vitu vyetu kwa wiki mbili kwanza, kisha turudi tupimwe upya. Watatu hawakurudi. Mmoja nilikutana naye baadaye sokoni, akaniambia wazi: "Niache mlonge wangu unaonisaidia, nikanywe kapsuli ambayo huenda ni tupu? Kwa elfu kumi na tano?" Sikuwa na jibu.

Kwa nini niache choya? Nilidhani ni ukiritimba. Binti ndiye aliyenielewesha. Choya imekwisha kupimwa kwa watu: mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Boston, walichapisha kazi ya watu 65 wenye presha ya kupanda kidogo. Nusu walikunywa vikombe vitatu vya choya kwa siku kwa wiki sita, nusu wakapewa kinywaji cha kufanana nacho. Presha ya juu ilishuka kwa wastani wa pointi 7 kwa wale wa choya, na pointi 1 tu kwa wale wengine. "Sasa chukulia, mama," akasema, "wewe umewekwa kundi la kapsuli tupu, na unakunywa choya kwa siri. Presha yako inashuka. Wao wanaandika: kapsuli tupu imeshusha presha. Basi hata kama mmea wao ni mzuri, utaonekana haujaizidi kapsuli tupu. Chupa yako ya chai imeua dawa yao."

Nilikaa kimya. Nimeuza vitenge miaka yote hii sijawahi kujua chupa yangu ina nguvu hiyo.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Elfu kumi na tano kila hudhurio, "fidia ya nauli na muda." Nauli ilitosha na kubaki. Muda haukutosha hata kidogo, nusu siku ya Kariakoo haiuzwi hivyo. Nimeambiwa kamati za maadili zinaogopa kiasi kikiwa kikubwa, maskini atajiingiza kwa sababu ya njaa. Naielewa hoja. Lakini basi mnitoe saa tatu asubuhi, si saa saba. Kupunguza foleni hakuna kamati inayokukataza.

La faragha: nina miaka 54, na kijana wa mapokezi aliniuliza mbele ya benchi, kwa sauti ya mnada, mara ya mwisho kuona siku zangu ni lini. Nilimjibu kwa sauti ileile kwamba akamuulize mama yake. Hapo ndipo imeondoka nusu nyota.

Sasa kapsuli zenyewe. Chupa nyeupe, namba yangu, hakuna jina, kapsuli mbili asubuhi na mbili usiku. Kila hudhurio unarudisha chupa, mfamasia anamwaga zilizobaki kwenye kisahani na kuhesabu kwa kijiko bapa, mbilimbili, kama ninavyohesabu vifungo. Hilo nililipenda. Nisilolipenda ni benchi. Wiki ya pili mama mmoja aliniambia zake zikipasuka mdomoni ni chungu kama shubiri. Nikarudi nyumbani, nikafungua moja juu ya sahani. Unga wa rangi ya udongo. Nikalamba. Haukuwa chungu, wala mtamu. Ulikuwa dona. Nimekula dona maisha yangu yote, siwezi kukosea.

Kuanzia siku ile nilijua niko kundi la dona, na ninaungama mbele yenu kwamba wiki ya nne, siku ya joto kali, nilichemsha choya. Sufuria moja. Nilikunywa yote.

Hudhurio lililofuata nilimwambia muuguzi. Sikuwa nimepanga kumwambia. Aliponiuliza tu "unakunywa nini asubuhi" nikashindwa. Yote niliyamwaga, choya, dona, kulamba, benchi. Akaandika kila kitu na tarehe. "Ungenificha ndiyo ingeharibika," akasema. "Iliyoandikwa inajulikana, inaweza kuhesabiwa." Kisha akaenda akaongea na mkubwa wake, na kuanzia wiki ile tukawa tunaitwa kwa saa tofauti, wawili wawili, hatukai tena benchi moja kulinganisha ladha. Foleni nayo ikaisha. Yaani kilichotukomboa kwenye foleni ni ulimi wangu.

Kwa wanaofikiria kujiunga na jaribio lolote la namna hii, mambo niliyofundishwa na binti niulize, nami niliyauliza: cheti cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kiko wapi, kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kiko wapi, namba ya usajili wa jaribio kwenye daftari la majaribio la Afrika ni ipi, na nikidhurika nani anagharimia matibabu. Kituo hiki walinionyesha vyote bila kununa, na ukurasa wa mwisho wa fomu kulikuwa na simu ya kamati ya maadili ya kulalamikia, ambayo nilipiga nione kama inapokelewa. Ilipokelewa. Na kujitoa ni kweli unaweza: mzee wa Nasibu alijitoa wiki ya tano kwa sababu ya tumbo, akatibiwa bure na akaagwa kwa heshima.

Wapi basi imepotelea ile nyota na nusu iliyobaki? Kwenye majibu. Siku ya mwisho tuliahidiwa, na imeandikwa ukurasa wa tisa, kwamba utafiti ukikamilika washiriki wataitwa waelezwe matokeo. Umepita mwaka na miezi minne. Nimepiga simu mara tatu, mara zote "data bado zinachakatwa." Damu yangu mlichukua ndani ya dakika mbili.

Jumanne iliyopita yule winga alinipigia. Ameacha turubai, sasa ni msaidizi wa utafiti kamili, na kuna jaribio jipya, la sukari safari hii. Alianza, "Mama, tuna utafiti, si kliniki, na dawa hatujui kama inafanya kazi…" Nilitabasamu, kumbe kuna aliyemfundisha. Nikamwambia nitakuja, na chupa yangu nitakuja nayo mkaiandike, ila siku hiyo aje na majibu ya ile ya kwanza mkononi. Akasema ataulizia na kunipigia kabla ya Ijumaa.

Leo ni Jumapili.